Kilo tatu kasoro: bondia apande uzito au abaki alipo?

Mizani ilikuwa sakafuni, juu ya kipande cha mbao kilichowekwa ili isiyumbe. Kijana alipanda akiwa na bukta. Kilo 61.9. Kikomo cha uzito mwepesi ni kilo 61.2. Wasaidizi wake wakamzungushia taulo, akavua bukta, akapanda tena. 61.8. Msimamizi akaangalia saa, akampa saa mbili.

Akavaa sweta, juu yake koti la nailoni, akatoka nje kwenye jua la saa saba mchana kuruka kamba. Mdomoni alikuwa na bazoka, mkononi chupa tupu ya maji, na kila baada ya muda alisimama akatema mate humo. Nilikaa naye chini ya mwembe alipopumzika. Nilichokiona ndani ya chupa hakikuwa mate tena, kilikuwa povu jeupe linaloganda ubavuni mwa plastiki na kukataa kuteremka. Niliuliza kama ana kiu, swali la kijinga, na hakunijibu. Midomo yake ilikuwa imepasuka pembeni.

Alipopanda mizani mara ya tatu, ilisoma 61.2 kamili. Watu wakapiga makofi. Kesho yake usiku alishinda kwa pointi, raundi nane, lakini mbili za mwisho miguu yake ilikuwa kama ya mtu anayetembea kwenye mchanga mkavu wa pwani. Mpinzani angekuwa na akili kidogo zaidi, tungezungumza habari nyingine.

Baadaye, katika jimu yao Manzese, Dar es Salaam, kocha alimwambia mbele yangu, "Mwanangu, uzito huu umekukataa. Panda." Kijana akainamisha kichwa, "Sawa, mwalimu." Meneja wake, mtu mwema anayemlipia chakula na nauli, akapinga: hapa kijana anajulikana, ana nafasi kwenye orodha, na huko juu atakutana na watu wenye mikono kama milingoti. Wote wawili wanampenda, na wote wawili walikuwa na hoja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria swali lao, na kila ninapolifikiria narudi kwa mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe hakupanda uzito maisha yake yote: Marvelous Marvin Hagler.

Hagler alipigana uzito wa kati tu, kilo 72.6, mwanzo hadi mwisho. Alichukua ubingwa wa dunia London mwaka 1980 kwa kumpiga Alan Minter, akakaa nao zaidi ya miaka sita. Katika miaka hiyo walimjia mabondia wanne wakubwa waliotoka chini, na kila mmoja alipanda na silaha yake. Ukitaka kujua nini hupanda na bondia na nini hubaki kule alikotoka, angalia walivyorudi hao wanne.

Wa kwanza alikuwa Roberto Durán wa Panama, Novemba 1983. Huyu alikuwa bingwa wa uzito mwepesi kwa sehemu kubwa ya miaka ya sabini, kilo 61.2, uzito uleule uliokuwa ukimtesa kijana wetu. Alipofika kwa Hagler alikuwa amepanda karibu kilo kumi na moja na nusu kwa jumla. Ngumi zake hazikumtikisa Hagler hata kidogo, lakini Durán alikuwa na akili ya ulingoni ambayo mabondia wachache sana wamewahi kuwa nayo: kutikisa bega ili ngumi iteleze, kuingia ndani, kutoka pembeni. Alimaliza raundi zote 15 na kushindwa kwa pointi chache tu.

Wa pili alikuwa Thomas Hearns, Aprili 1985, mrefu, mwembamba, mwenye mkono wa kulia uliokuwa umewalaza wengi, Durán akiwamo. Alimpiga Hagler kwa mkono huohuo katika raundi ya kwanza, na mfupa uliovunjika ulikuwa wa mkono wake mwenyewe, kichwani kwa Hagler. Raundi ya tatu mambo yakaisha.

Wa tatu ni wetu, na kwake nitakaa zaidi.

John Mugabi alizaliwa Kampala mwaka 1960. Alikwenda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akarudi na medali ya fedha uzito wa welter baada ya kufungwa fainali na Andrés Aldama wa Cuba. Alipoingia ngumi za kulipwa chini ya promota Mickey Duff, alianza kuwaangusha watu mmoja baada ya mwingine. Hadi anakutana na Hagler, kila pambano alilopigana alishinda kabla ya kengele ya mwisho. Hakuna hata moja lililofika kwa majaji. Wakampa jina la Mnyama. Uzito ambao mwili wake ulikaa vizuri ulikuwa super welter, kilo 69.9, na huko ndiko alikokuwa kwenye foleni ya ubingwa wa dunia.

Kisha Hagler akawa tayari kupigana naye, na pesa za Hagler hazikuwa sawa na za mtu mwingine. Tofauti ya uzito ni kilo tatu kasoro, kilo 2.7. Nani angekataa kwa kilo tatu kasoro? Pambano lilipangwa Novemba 1985, likaahirishwa Hagler alipoumia, likafanyika Machi 10, 1986, uwanja wa nje wa Caesars Palace, Las Vegas.

Nimelitazama pambano lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Katika raundi za mwanzo Mugabi anatupa ngumi zilezile zilizowalaza wote waliotangulia, na nyingi zinafika. Unaisikia hata kwenye kanda ya zamani ile sauti ya glovu ikigonga mfupa. Hagler anazipokea, kichwa kinarudi nyuma kidogo, kisha anasogea mbele. Ukimtazama Mugabi hapo, utaona kitu kinapita machoni mwake. Hana woga; mimi naona mshangao. Amefanya kazi ambayo maisha yake yote imetosha, na mtu bado amesimama. Raundi ya sita wanapigana kama watu wawili kwenye chumba kisicho na mlango. Baada ya hapo Mnyama anaanza kuchoka, maana mpango wake haukuwahi kuhitaji raundi ya saba. Raundi ya 11 anakwenda chini kwenye kamba, anakaa, mwamuzi Mills Lane anahesabu hadi mwisho.

Wengi husema Mugabi alikosa pumzi. Ni kweli, lakini pumzi iliisha kwa sababu fulani. Mtu mzito zaidi ana shingo nene zaidi na mgongo uliozoea kubeba mzigo, hivyo ngumi inayomlaza mtu wa kilo 69 inamchelewesha tu mtu wa kilo 72. Anapokukumbatia, uzito wake unakuegemea begani na kuisaga miguu yako dakika tatu kila raundi. Unalazimika kupiga ngumi tatu pale palipotosha moja. Bondia anayeishi kwa nguvu akipanda uzito, anapunguziwa silaha na kuongezewa kazi kwa wakati mmoja. Hearns alipunguziwa kwa raundi tatu, Mugabi kwa 11.

Wa nne alikuwa Sugar Ray Leonard, Aprili 6, 1987. Alikuwa hajapigana kwa karibu miaka mitatu, na mwili wake ulikuwa umeanzia welter. Wengi waliogopa angeumizwa vibaya. Leonard hakujaribu kumwangusha Hagler. Alizunguka, akapiga haraka haraka sekunde za mwisho za kila raundi ili majaji waone, akaondoka. Akapewa ushindi kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Mpaka leo kuna watu wanaobishana kama kweli alishinda, na wapo wanaosema Mugabi ndiye aliyemchosha Hagler mwaka mmoja kabla, wakitazama uso wa Hagler ulivyovimba usiku ule. Mimi naona ukweli katika yote mawili. Lakini Leonard alimaliza raundi 12 akiwa mzima, kwa mtu yuleyule aliyewavunja watu wawili wenye ngumi nzito kuliko zake. Miguu yake na kasi ya mikono vilipanda pamoja naye.

Na huyo Leonard, Afrika Mashariki ilikuwa imeshamjua kabla. Juni 1981, mjini Houston, alipanda kutoka welter kwenda super welter na kumnyang'anya mkanda wa WBA Mganda mwingine, Ayub Kalule, aliyekuwa hajafungwa hata mara moja. Kalule alisimamishwa mwishoni mwa raundi ya 9. Wiki chache baadaye Leonard aliuacha mkanda ule, akarudi welter kumkabili Hearns, na Septemba akamshinda. Alikuwa amepanda kwa ratiba yake, kwa pambano aliloliona linamfaa, kisha akashuka mwili wake ukiwa bado unaruhusu. Ni wachache sana wanaopewa nafasi ya kuchagua hivyo.

Kalule mwenyewe ana mfano ambao makocha wetu wangeutumia zaidi kuliko wa Leonard. Mwaka 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, alichukua dhahabu uzito mwepesi, ambao kwa ridhaa wakati ule ulikuwa kilo 60. Mwaka huohuo, Havana, akawa bingwa wa dunia wa ridhaa katika uzito wa juu yake. Mwaka 1979 akawa bingwa wa dunia wa kulipwa kilo 69.9, na mwaka 1985, umri ukiwa umeenda, akachukua ubingwa wa Ulaya uzito wa kati. Ni miaka 11 kutoka kilo 60 hadi 72. Mwili wake ulipokua, naye akasogea, daraja moja baada ya jingine. Aliingia kila uzito akiwa na mkono wake wa kushoto uleule unaosumbua watu, kwa sababu bondia wa mkono wa kushoto husumbua katika uzito wowote.

Kwa hiyo kijana aliponiuliza mimi naonaje, kitu cha kwanza nilichomwambia ni ajiulize anashinda kwa nini. Kama anashinda kwa sababu watu wanaanguka akiwagusa, ajue huko juu wataanguka wachache. Kama anashinda kwa sababu hawampati, huko juu pia watapata shida kumpata, na huenda akawa na kasi zaidi kuliko wao. Huyu kijana, kwa bahati, ni wa miguu. Nimemwona akipigana na watu wenye ngumi mbili zake, akawaacha wakipiga hewa hadi wakaanza kumtukana.

Upande mwingine wa jambo hili ni chupa ile yenye povu.

Bondia anayejibana kwenye uzito ambao mwili umeshaukataa hakati mafuta tena, maana mafuta yalikwisha wiki tatu nyuma. Anakata maji. Damu inapungua ujazo na moyo unakwenda mbio kuisukuma, mwili unashindwa kujipoza, figo zinafanya kazi kwa shida. Anapewa siku moja kuyarudisha maji yote, na siku moja mara nyingi haitoshi. Kisha anapanda ulingoni kupigwa kichwani. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache, wote wakiwa kwenye harakati za kupunguza uzito kabla ya kupimwa. Wale walikuwa na madaktari wa chuo na vifaa vya kisasa. Sisi vijana wetu wana koti la nailoni na jua la saa saba.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayesema kubaki ni salama na kupanda ni hatari, kana kwamba hatari iko upande mmoja. Nimeona mabondia wakipigwa na watu wasiowafikia kwa ufundi kwa sababu miguu ilibaki kwenye mizani. Mtu wa nje anadhani kijana ameshuka kiwango. Kiwango chake ni kilekile, ila amekauka.

Na ajue pia kwamba namba inayosomwa kwenye mizani haimwambii atakayekutana naye kesho. Februari 2000, New York, Arturo Gatti na Joey Gamache walipimwa kwa kikomo cha kilo 64. Usiku wa pambano Gatti alikuwa na uzito wa karibu kilo 72 na nusu, yaani alikuwa mtu wa uzito wa kati aliyepita kwenye tundu la sindano siku moja kabla. Gamache alilazwa raundi ya pili na hakupigana tena. Anayepanda daraja moja anaweza kujikuta mbele ya mtu wa madaraja mawili juu yake. Kocha mzuri haulizi mpinzani amepimwa kilo ngapi, anauliza ana kilo ngapi akiamka asubuhi siku asiyokuwa na pambano.

Sisi huku tunaumia hasa kwa kupanda kunakoamuliwa na simu. Promota wa nje amepungukiwa mpinzani, anatafuta mtu wa haraka, anampigia mtu wa Dar au Nairobi au Kampala, anataja dola, anataja tarehe, na tarehe ni baada ya wiki mbili. Uzito? Ah, kilo tatu tu juu. Tiketi inatumwa. Kijana hajawahi kufanya hata sparing na mtu wa uzito ule. Anakwenda kwa sababu ada ya shule ya mdogo wake haijalipwa, na mimi siwezi kumlaumu kwa hilo. Nawalaumu wanaopokea simu kwa niaba yake.

Lakini hata simu ya haraka inaweza kuzaa kheri uzito ukiwa wako. Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Birmingham kwa muda mfupi kupigana na Sam Eggington. Wenyeji walimwona kama mtu wa kumpa Eggington mazoezi. Mwakinyo akamsimamisha raundi ya pili, na nchi nzima ikaamka kuuliza huyu ni nani. Kilichosahaulika usiku ule wa shangwe ni kwamba aliyekuwa mgeni katika super welter ni Eggington. Alikuwa bingwa wa Ulaya wa welter kabla ya kupanda. Sisemi alifungwa kwa sababu ya kilo. Alifungwa na Mwakinyo. Ila safari hii aliyepanda hakuwa wetu.

Kuna jambo moja meneja alilisema ambalo lina uzito kuliko yote: "Akipanda akashindwa, atashuka." Hapa ndipo ninapotofautiana naye kabisa. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Mugabi baada ya Hagler alirudi super welter, Desemba 1986, kugombea mkanda wa WBC uliokuwa wazi dhidi ya Duane Thomas, na akasimamishwa raundi ya tatu, jicho likiwa limeumia vibaya. Ilimchukua hadi mwaka 1989 kuupata mkanda ule, kwa kumshinda René Jacquot nchini Ufaransa. Roy Jones naye, mwaka 2003, alipanda hadi uzito wa juu na kumpiga John Ruiz aliyemzidi kilo 15, kazi ambayo bado inanishangaza. Kisha akashuka kurudi kilo 79.4, akalazimika kuvua misuli aliyoijenga kwa miezi. Mei 2004, Antonio Tarver akamlaza raundi ya pili, na Roy Jones tuliyemjua hakurudi tena. Mwili ukishapanua nyumba, kuubomolea vyumba ni kuumiza kuta.

Kwa hiyo akipanda, apande kwa kukaa. Apewe miezi sita ya kula vizuri: dagaa, maharage, mayai, ugali wa kutosha. Afanye mazoezi ya nguvu polepole, asijazwe nyama ambayo mapafu hayataweza kuilisha hewa. Afanye sparing na watu wazito kuliko uzito wake mpya, ajifunze kukumbatiwa na kutoka kwenye kukumbatiwa, kwa sababu hilo ndilo linalomaliza wanaopanda kabla hata ya ngumi. Na mapambano mawili ya kwanza yasiwe ya mkanda. Hapo meneja alikunja uso, kwa sababu mapambano yasiyo ya mkanda hayana pesa, na yeye ndiye anayelipa nauli.

Walibishana wiki kadhaa. Mwisho aliyeamua ni mama wa kijana, ambaye hakuwahi kwenda ulingoni hata siku moja. Alimwona mwanawe akiwa amelala sakafuni, kwenye saruji, akitafuta ubaridi siku mbili kabla ya kupimwa, akauliza kama kuna uzito ambao mtu anaruhusiwa kunywa maji.

Miezi saba baadaye nilikwenda Morogoro kwa basi la asubuhi. Pambano lilikuwa la raundi sita, halina mkanda, kikomo kilo 63.5. Chumba kilikuwa kidogo, mizani ya aina ileile, juu ya ubao. Kijana aliingia akiwa ametoka kunywa chai na chapati mbili kwa mama lishe wa stendi, mafuta bado yaking'aa vidoleni mwake. Mpinzani wake alikuwa pembeni, koti la nailoni limemganda mgongoni, macho yameingia ndani. Kijana alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaenda akampa mkono.

Alipanda mizani na bukta yake. Kilo 63.1. Hakuna aliyepiga makofi. Alikuwa na bazoka mdomoni kama zamani, akitafuna taratibu, na nikaona koo lake likipanda na kushuka: alikuwa anameza mate.